Moto wa Kuomba

Jumamosi iliyopita simu yangu ilinipongeza. Nilikuwa kwenye korido ya nyumba yangu hapa Arua, kikombe cha chai mkononi, pale ninaposimama kila asubuhi kama mlinzi asiyelipwa, mara ikatetemeka na kuniandikia kwamba matumizi yangu ya umeme yameshuka kuliko wakati wowote tangu nianze kupima. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya jani la kijani. Nimelitafuta jani hilo kwa miezi. Nimelitafuta nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya friji, tochi mdomoni. Sasa limekuja lenyewe, na sikuwa na raha hata kidogo.

Nikaenda jikoni, nikarudi. Nikafungua mlango wa chumba cha wageni, nikakiona kitanda kimetandikwa vizuri mno, nikaufunga. Juu ya kabati pasi ilikuwa imekaa na waya wake umezungushwa shingoni, baridi. Nikajikuta nanusa viganja vyangu. Nilikuwa natafuta harufu ya majivu, harufu ambayo haijakaa mikononi mwangu tangu nilipokuwa mtoto wa Koboko niliyetumwa kuomba moto.

Wewe msomaji huenda ulikulia mahali penye kiberiti, basi nikueleze. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, ambako watu wa kwetu wengi walikuwa wamekimbilia wakati wa vita, Koboko haikuwa na vitu. Mafuta ya taa yalikuja kwa msimu, kama panzi. Kiberiti kilipopatikana kilifichwa juu, kwenye nyasi za paa, na kutolewa kwa sababu nzito tu, mfano mtoto kuzaliwa usiku. Kwa mambo ya kawaida ya kula na kuoga, moto ulikuwa kitu cha kuomba. Ulikufa kwako, ulikuwa hai kwa jirani. Ukifa kwa jirani, unaishi kwa mwingine. Sidhani kama katika utoto wangu wote mtaa wetu uliwahi kuzimika wote kwa pamoja.

Mama alikuwa mchumi wa moto. Nimesoma chuo kikuu, nimekaa darasani na watu waliojiita wachumi, na sijaona aliyemfikia. Moto wa mama haukuachwa ukae bure hata kidogo. Ukiwa mkali ulipika maharage. Ulipoanza kuchoka ulipokea sufuria ya kunde zilizotiwa simsim ya kusaga, chakula kisichotaka haraka. Halafu maji ya kuoga, sisi watoto tukipokezana karai kabla hayajapoa. Muhogo ulizikwa kwenye majivu ya moto na kusahauliwa mpaka harufu yake itukumbushe. Mwisho kabisa makaa yaliyobaki yaliingia ndani ya pasi.

Pasi ile ilikuwa ya baba. Baba alikuwa askari, na askari wa zama zile hawakurudi wote. Alituachia Kiswahili cha kambini, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwetu kwa sababu mama na yeye walitoka makabila tofauti, na akatuachia pasi ya chuma yenye jogoo mdogo juu ya kifuniko. Mtaa mzima uliazima pasi ile. Mama aliitoa ikiwa tayari ina makaa, kwa sababu kumpa mtu pasi tupu, alisema, ni kama kumkaribisha mezani na kumpa kijiko tu. Jioni za Jumapili wanawake walikaa uani kwetu wakisubiri zamu, sare za shule mapajani, na mvuke wa nguo zilizonyunyiziwa maji ulichanganyika na harufu ya muhogo. Walisengenya kwa bidii. Nilijifunza siasa ya Koboko pale, chini ya meza ya kunyooshea.

Lakini kazi yangu mimi ilikuwa kukimbia. Kuomba moto kulikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilikuwa na sura mbili zisizofanana. Ulipokwenda, ulikwenda polepole na kigae chako kitupu, kipande cha chungu kilichovunjika. Uliingia uani kwa jirani yetu, mjane wa askari kama mama, mwanamke mnene wa Kiislamu aliyekaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi. Hukuthubutu kutaja ulichofuata. Kwanza ulikaa chini. Ukamsalimu, naye akakuuliza habari za nyumbani mtu kwa mtu: mama, mdogo wako, kuku anayelalia mayai. Ulijibu kila swali kwa ukweli, maana alikuwa na masikio ya kujua uongo. Ndipo aliponyamaza kidogo, na kunyamaza kule ndiko kulikuwa ruhusa yako ya kusema.

"Moto yetu imekufa."

"Pole," alisema, kama vile nimetaja mtu. Kisha akachokoa makaa mawili mazuri kutoka kwenye jiko lake, akayaweka kwenye kigae juu ya majivu, na hapo hapo akageuka mwanamke mwingine. "Haya! Kimbia! Wewe iko ngoja nini?"

Kwa maana ukishapewa moto hukusimama tena. Mtoto mwenye moto hakusalimia mtu. Ndiyo ruhusa pekee niliyoijua ya kuwapita wazee barabarani bila kuinamisha kichwa, na wao wenyewe walinisukuma kwa sauti: "Pita, pita! Moto inakufa!" Nilipita. Moshi machoni, vidole vikiungua, nikipuliza makaa huku nakimbia, nikiwapita watu wazima waliokuwa wakinipisha. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kiasi kile.

Na palikuwa na jambo jingine. Familia ikisafiri, hata kwa siku chache, haikuuacha moto wake ufe peke yake. Iliupeleka kwa jirani kuutunza. Mama alipokwenda kijijini Abuku kulima kwa ndugu zake, alinituma na kigae kwa yule mjane, naye alimwaga makaa yetu ndani ya jiko lake, yakachanganyika na yake. Tuliporudi tulikwenda kuuomba "moto wetu," na tulipewa, ingawa hata mtoto alijua kwamba yale makaa yalikuwa yameshakuwa majivu ya zamani. Hakuna aliyebishana juu ya hilo.

Nadhani maisha yangu yaliendelea na ile sura ya pili tu. Nilikimbia shule, nikakimbia Kampala, nikakimbia kurudi Arua nilipochoka na Kampala. Naandika makala kwa ajili ya watu wanaolipa kwa kuchelewa. Sikai. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na mtu wa kukaa, husema akiolewa nami tena ataomba nifungwe kamba.

Mwaka jana presha ya mama ilipanda, na daktari wa hapa akasema waziwazi: asiishi mbali na hospitali. Koboko si mbali kwa mtu mwenye afya, lakini kwa presha ya ghafla ni mbali. Nikaenda kumchukua. Alikuja, akakaa wiki chache, akarudi. Nikaenda tena. Akaja, akarudi. Mara zote mbili alitoa sababu ile ile.

"Hii nyumba yako iko kimya kama ofisi," alisema. "Mutu anaingia, anafunga mlango. Hakuna mutu anakuja kuomba hata chumvi. Mimi nitakufa hapa, nyinyi mtajua kwa harufu."

"Mama, daktari amesema."

"Daktari atakaa na mimi?"

Mara ya tatu nilimbembeleza mpaka mke wangu akaona haya kwa niaba yangu. Mama alikubali, kwa sharti kwamba akichoka asizuiwe. Basi hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi: akirudi tena Koboko, na presha ikampata peke yake, nani atampakia kwenye gari?

Ungedhani mtu mwenye wasiwasi huo angetuliza akili yake juu ya mama yake. Mimi nilinunua kimashine. Ni kitu kidogo kinachobanwa kwenye waya mkubwa karibu na mita, kisha kinatuma kwenye simu mchoro wa umeme unavyoliwa. Watoto wetu wako vyuoni, ada zinajulikana, na umeme wetu ni wa kulipia kabla: unanunua, unaingiza namba za tokeni, unasikia mita ikilia tokeni zinapokaribia kuisha, kama kifaranga aliyepotea. Kila mwezi tokeni ziliisha mapema kuliko mwezi uliotangulia. Nilisema nitajua zinakokwenda. Nilisema mtoto wa mama yangu hawezi kushindwa na jambo hili.

Mchoro ulionyesha tambarare usiku, kilima kidogo asubuhi tunapochemsha maji, halafu tambarare tena. Na halafu, karibu saa nne, tukiwa wote kazini na mama peke yake nyumbani, mlima. Mlima mrefu wenye meno juu, uliopanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka karibu na adhuhuri.

Nilianza na friji. Nilibadilisha mpira wa mlango. Nikaipapasa mgongo kila asubuhi kama mtu anayepima homa ya mtoto, na nikaihamisha kutoka ukutani, na nikairudisha. Mlima ukabaki. Nikashuku pampu ya maji, nikamleta fundi, akaisifu pampu. Nikang'oa televisheni, redio, chaja zote, nikapita na kunusa soketi. Nikabadilisha balbu za nje. Mlima. Nilikuwa nikipokea simu za watu huku jicho moja likiwa kwenye mchoro, na katikati ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisani nilichungulia mfukoni nikauona unapanda.

"Umeigusa hiyo friji mwezi huu kuliko ulivyonigusa mimi," mke wangu alisema.

Sikumwuliza mama. Hilo ndilo linalonichekesha sasa, kicheko kisichofika tumboni. Nilimwuliza fundi, nilimwuliza kijana wa duka la vifaa, nilitafuta kwenye mtandao. Mama nilimwuliza tu kama amekunywa dawa. Naye siku hizo alikuwa amenenepa kidogo usoni, na hakutaja Koboko. Nikajipongeza kwamba amezoea.

Siku moja niliutazama mlima ukianza, nikaacha kila kitu, nikapanda boda mpaka nyumbani. Kabla sijafungua geti nilisikia vicheko. Uani kwangu, kwenye kivuli cha ukuta, wanawake walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu vya sebuleni, sare za shule zimelundikana mapajani. Mama alikuwa amesimama nyuma ya meza yangu ya kuandikia, waya ukitoka dirishani kama mkia, pasi ya umeme mkononi. Harufu ya nguo zilizonyunyiziwa maji ilinipiga usoni, na kwa nusu dakika nilikuwa chini ya meza Koboko.

Nusu dakika tu. Kisha nikawa tena mtu mwenye kimashine.

"Huyu ndiye Bwana Mita?" mmoja aliuliza, na wakajizuia kucheka, vibaya.

"Ndiye mtoto yangu," mama alisema. "Karibu, baba. Hawa ni jirani. Kumbe iko na jirani wazuri hivi, hukuniambia. Watoto yao wanaenda shule na nguo imekunjana kama kabichi, na pasi iko hapa inalala."

Niliwasalimu kwa ufupi. Niliwaambia, kwa adabu ya mtu aliyesoma, kwamba umeme si kama zamani, kwamba hakuna kitu ndani ya nyumba kinachokula umeme kama pasi, kwamba kila anayenyoosha anapunguza. Nilitoa simu. Nikawaonyesha mchoro. Ndiyo, niliwaonyesha wanawake wale mlima, nikaweka kidole kwenye kilele chake. Walikunja sare zao zikiwa na unyevu, wakaaga mmoja mmoja, na viti vyangu vikabaki vimetazamana.

Mama hakunifokea. Alizima pasi ukutani, akasubiri ipoe, akauzungusha waya.

"Moto imeanza kuuzwa lini?" aliuliza.

"Mama, huu si moto. Makaa ukimpa mtu, moto wako unabaki vile vile. Huu ukitoa unapungua. Unaisha."

"Hata ile yetu ilikuwa inapungua," alisema. "Wewe ulidhani kuni inatoka wapi?"

Asubuhi alikuwa na mfuko wake mlangoni. Nilimkumbusha daktari, naye alinikumbusha sharti letu. Mke wangu alimsindikiza mpaka kwenye gari la Koboko kwa sababu mimi nilikuwa natembea kutoka chumba hadi chumba nikitafuta maneno. Mlima wa saa nne ukatoweka kwenye mchoro siku hiyo hiyo. Wanawake hawakuja tena. Nilipokutana nao njiani waliniamkia vizuri kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tambarare ikaendelea, siku baada ya siku. Ndipo Jumamosi simu ikanipa jani.

Nilikwenda Koboko asubuhi hiyo hiyo. Mji umekua, bidhaa za nchi tatu zimepangwa barabarani, na boda zinapita huku na huku kana kwamba kila mtu amepewa makaa. Yule mjane wa kigoda alikufa zamani. Kwake anakaa mke wa mwanawe, na kutoka barabarani unaona jiko la gesi jikoni na sola juu ya bati. Kwa mama tu ndiko kulikokuwa na moshi.

Alikuwa amekaa kando ya mafiga, kifundo cha mguu kimevimba. Alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu.

"Umekuja kuomba moto?"

Nilitaka kuanza na daktari. Nilikuwa nimepanga hoja zangu njiani, na zilikuwa nzuri. Badala yake magoti yakanikumbusha. Nikakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yangu ya Kampala. Nikamsalimu. Akaniuliza habari za nyumbani, mtu kwa mtu: mke wangu, watoto vyuoni, hata friji, kwa uso mkavu. Nilijibu kila kitu kwa ukweli. Nilimwambia wanawake wananisalimia kama mgeni. Nilimwambia mke wangu ameanza kula chakula chake huku anasahihisha madaftari. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mama," nikasema, "moto yetu imekufa."

"Pole," alisema.

Muhogo ulikuwa ukiiva kwenye majivu. Nilikaa. Simu ilitetemeka mfukoni na sikuigusa, ingawa sitaki ufikirie kwamba ilikuwa rahisi.

"Na ile mashine yako?"

"Nimeizima mdomo. Iko, lakini haitasema na mtu."

"Wale mama watakuja?"

"Nitaenda mwenyewe kuwaomba."

"Utakaa kwanza? Au utasimama mlangoni kama polisi?"

"Nitakaa."

Alitoa muhogo, tukaula na chumvi, tukiungua vidole. Kisha akachukua kijiti, akachokoa makaa, akachagua mawili yaliyo mekundu mpaka ndani, na akatafuta ukutani kigae ambacho sikujua kama bado kipo. Akaweka majivu, akaweka makaa. Nilielewa kabla hajaninyooshea. Moto wa anayesafiri haufi peke yake.

"Peleka kwa jirani. Mwambia atunze, tutakuja kuomba."

"Mama, yule ana gesi."

"Mimi sikuuliza kama iko na gesi."

Sijui utaratibu wote ule ulikwenda wapi. Hakuna aliyeupiga marufuku. Kiberiti kilishuka kutoka kwenye paa, gesi ikaja, umeme ukaja, na siku moja hakuna mtoto aliyehitajika kutumwa. Na mtoto asipotumwa hakuna anayekaa uani kwa jirani akiulizwa habari za kuku. Hatukupoteza moto. Moto tunao mwingi, tunaupima kwa yuniti. Tulichopoteza ni sababu ya kuingia kwa mtu tukiwa mikono mitupu.

Nilitoka na kigae. Barabarani vijana wa boda waliacha mazungumzo yao wakamtazama mzee mwenye miwani akibeba moshi.

"Mzee! Iko nini inaungua?" mmoja alipaza sauti. "Tuite watu?"

Nikapunguza mwendo. Nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada, na hapo mbele yangu kulikuwa na watu ambao adabu ilinitaka niwasalimu na kuwaeleza. Makaa yalikuwa yameanza kuvaa kijivu. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya uzio, kali kuliko presha yoyote.

"Pita wewe! Pita! Moto inakufa!"

Nikapuliza, nikakimbia.